Fyuzi inaungua kila nikiwasha amplifaya, niweke kubwa zaidi?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi napiga besi, nina amplifaya ya tyubu ya miaka ya 60, transfoma zote ni zilezile ilizotoka nazo kiwandani. Ilikuwa inalia vizuri tu, juzi katikati ya mazoezi ikazima ghafla, kucheki nyuma fyuzi imeungua. Nikaweka nyingine ya 2A ileile, ikakaa sekunde kadhaa nayo ikaenda. Jamaa kaniambia hizi za zamani zinavuta umeme mwingi so niweke ya 5A, au niizungushie ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, usiweke 5A, na hiyo karatasi ya sigara isisogee kabisa karibu na hiyo mashine. Fyuzi haipo pale kulinda tyubu, zile za kioo kama balbu, tyubu unanunua nyingine unachomeka maisha yanaendelea. Inalinda transfoma, na transfoma ya miaka ya 60 ikiungua hiyohiyo huipati tena kirahisi, utasukiwa upya au utaweka ya kisasa. Ukiweka 5A mahali pa 2A maana yake umeiambia transfoma yenyewe ndo iwe fyuzi.

Kabla ya yote itazame vizuri hiyo iliyoungua, ishike kwenye mwanga. Kama kioo kimekuwa cheusi au kimepakwa kama rangi ya fedha kwa ndani na waya hauonekani kabisa, hiyo ni shoti kubwa imepita kwa kishindo. Ila kama kioo ni kisafi na waya umekatika tu sehemu moja, basi ulikuwa mzigo uliozidi kidogo kwa muda, au fyuzi yenyewe imechoka, maana kila ukiwasha ule waya unapata moto na kupoa, miaka mingi ya hivyo nao unachoka. Lakini yako imeenda mara mbili, uchovu tunautoa kwenye hesabu.

Pia soma ulichonunua. Amplifaya nyingi za tyubu zinataka fyuzi ya taratibu, ile yenye herufi T, kwa sababu ukiwasha nyuzi za ndani ya tyubu bado ni baridi zinavuta umeme mwingi kuliko kawaida, na kapasita, zile za kuhifadhi umeme, nazo zinajaa kwa mara moja, fyuzi ya haraka yenye F inaweza kukata wakati hakuna ubovu wowote.

Sasa hizo sekunde kadhaa ndo zinanipa picha. Ingeungua papo hapo ningeanza na transfoma. Ikisubiri mpaka tyubu zipate moto, mara nyingi ni tyubu za pawa, zile kubwa za kusukuma spika, zimepiga shoti, au ile volti hasi inayozibana zisivute kupita kiasi imepotea. Zima, chomoa plagi, acha zipoe, toa tyubu za pawa zote, weka fyuzi sahihi, washa kidogo tu. Ikikaa, shida iko kwenye hizo tyubu au hiyo volti hasi. Ikiungua tena toa na tyubu ya rektifaya kama ipo, ile ya kugeuza umeme wa AC kuwa DC, mara nyingi imeandikwa GZ34 au 5U4. Ikikaa hapo, ni rektifaya yenyewe au kapasita za nyuma yake, na ikiungua hata bila hiyo basi transfoma iko kwenye mashaka makubwa. Kufungua ndani mwachie fundi wa tyubu, kapasita zinaweza kubaki na volti zaidi ya 400 hata plagi ikiwa nje, na fyuzi ya 2A haikulindi wewe hata kidogo, umeme wa kuua mtu ni mdogo mno kuliko huo.

Na kuna kitu wengi hawajui, tyubu inaweza kuwa nyekundu kabisa kwenye bamba lake la ndani na fyuzi isikate, umeme umezidi ila haujafika kiwango cha kuikata fyuzi. Ukiona wekundu huo zima hapohapo, usiisubiri fyuzi.

SWALI: Fundi, amplifaya yangu ya Marshall ina fyuzi mbili nyuma, ya mwenzangu ya Fender ina moja tu, hii ya pili ya nini?

JIBU: Hiyo iliyoandikwa HT imekaa kwenye njia ya volti kubwa kwenda kwenye tyubu za pawa, kwa kawaida 500mA (nusu ampea) au 1A. Tyubu ya pawa ikipiga shoti hiyo ndo inatangulia kukata, so utaona taa inawaka, tyubu zina moto, ila sauti hakuna. Mimi naipenda sana, inakata mapema kabla transfoma haijaumia. Fundi anaweza kumwekea mwenzako ndani ya Fender yake bila kutoboa chochote nje. Ila usije ukazibadilishana hizo mbili, ya umeme wa ukutani ni kubwa zaidi, ukiiweka kwenye HT ni sawa na hakuna kitu pale.