Jibu: Wanyama Kigamboni na watoto wa miaka 2 na 4

Dada, umeuliza kama watoto wa miaka 2 na 4 ni wadogo mno kupelekwa mchana kwenye bustani ya wanyama ya Kigamboni, Dar es Salaam. Umri huo si mdogo, wapeleke tu. Saa uliyoitaja ndiyo tatizo. Mchana usiende kabisa. Simba hulala hadi saa 20 kwa siku, na jua la Dar likishachachamaa anajitupa kivulini, mtoto anaambulia kuona mkia, halafu anaanza, "Mama, mbona haamki?" Wahini asubuhi.

Kuvuka kwenda Kigamboni kwa pantoni la Magogoni, kwa watoto ni matembezi tosha, ila wikiendi foleni ya magari inachosha. Mwenye gari apite Daraja la Nyerere, Kurasini.

Mdogo mbebe mgongoni kwa khanga, kigari cha mtoto kwenye mchanga ni mateso. Mkubwa asiingize vidole kwenye wavu, hata akiona wenzake wanafanya (na atawaona, wazazi wengine sijui huwa wanaangalia wapi). Kwa mbuni ndiyo uwe macho zaidi: anadonoa chochote kinachong'aa, kifungo, simu, hereni. Hereni zako vua kabisa kabla hujamsogelea. Na sabuni ya kunawa beba mwenyewe, watoto wakishashika wanyama wanakimbilia chipsi moja kwa moja.