Maswali ya Wasomaji: Aivazovsky Aliichoraje Bahari Bila Kuitazama?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeona nakala ya mchoro uitwao "Wimbi la Tisa" wa Ivan Aivazovsky, kisha nikasoma kwamba mchoraji huyo hakuwa akikaa ufukweni na rangi zake bali alichorea chumbani. Inawezekanaje mtu achore maji yanayoelekea kukumwagikia, ilhali bahari yenyewe haiko mbele ya macho yake? Na alikuwa nani hasa?

JIBU: Ndugu msomaji, ulilolisoma ni kweli, na kwa maoni yangu ndilo ufunguo wa kazi yake yote. Aivazovsky aliamini kwamba vitu vilivyo katika mwendo, kama vile radi, dharuba ya upepo au wimbi linalovunjika, havinaswi na brashi papo hapo, kwani kabla mkono haujamaliza mstari mmoja wimbi limekwisha kutoweka. Kwa hiyo akiwa pwani alitumia penseli, akachora mistari michache ya kumkumbusha umbo la nchi kavu na mahali ulipo mwanga, halafu akarudi chumbani kuichora bahari aliyokuwa nayo kichwani.

Kumbukumbu ya namna hiyo haiokotwi. Alizaliwa mwaka 1817 mjini Feodosia, bandari ya Crimea katika Bahari Nyeusi, kwa wazazi Waarmenia ambao biashara yao ilikuwa imeanguka. Kipaji chake kilionekana mapema, na kwa msaada wa wakubwa wa eneo lake akaingia Chuo cha Sanaa cha Kifalme cha St. Petersburg mwaka 1833. Jambo lililomjenga zaidi, naona, si darasa bali sitaha: mwaka 1836 alisafiri na meli za kivita za Urusi katika Bahari ya Baltiki, na mwaka 1839 akaandamana na zile za Bahari Nyeusi. Ndiyo maana meli zake hazikai juu ya maji kama vitu vya kuchezea. Zinalala upande zinapopigwa na upepo, na matanga yake yana uzito.

Mwaka 1840 alikwenda Italia, ambako jina lake lilivuma upesi kiasi kwamba Papa Gregori wa 16 aliutaka mchoro wake wa bahari na giza la mwanzo wa dunia. Aliporejea Urusi mwaka 1844 aliteuliwa kuwa mchoraji wa makao makuu ya jeshi la majini. Angeweza kukaa karibu na ikulu maisha yake yote, lakini alirudi Feodosia na kujenga nyumba yake huko huko kando ya bahari.

"Wimbi la Tisa" ni kazi ya mwaka 1850, na turubai yake ina upana wa zaidi ya mita tatu. Mabaharia wa zamani walisema kwamba mawimbi ya dhoruba huja kwa mfululizo na la tisa ndilo kubwa kuliko yote. Katika mchoro huo watu walionusurika wameng'ang'ania mabaki ya mlingoti, na jua linachomoza. Ukiupata tena, tazama kilele cha wimbi: hapo maji yamekuwa membamba, mwanga unapenya kutoka nyuma, na kijani kinageuka kuwa kama kioo. Aliupata mng'ao huo kwa kupaka rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka, nyembamba sana, ili ya chini ionekane kupitia ya juu.

SWALI: Je, ni kweli kwamba alichora picha elfu sita, na mji wake ulifaidika na nini?

JIBU: Hesabu inayotajwa ni takriban picha 6,000, na mtu aliyechora kwa kumbukumbu na kwa kasi kama yake aliweza kuifikia. Ama Feodosia, alifungua ukumbi wa picha zake mwaka 1880, na baadaye akauachia mji kwa wosia. Mwaka 1888 wakazi waliokuwa na shida ya maji walianza kupata maji ya chemchemi ya shamba lake, na reli aliyoipigania kwa muda mrefu ikafika mwaka 1892.

Mwaka 1898, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80, alichora "Katikati ya Mawimbi", turubai yenye upana wa zaidi ya mita nne. Humo hamna meli, hamna mtu, hamna pwani. Ni mwali mmoja wa mwanga ukishukia maji yanayochemka. Mwaka 1900 alianza kuchora meli ya Kituruki inayolipuka, akafariki dunia kabla hajaimaliza.