Sukari ya kufunga 6.4, "bado si kisukari": kwa nini daktari kaongelea moyo

Mleta mada ameweka majibu yake: mwanaume wa miaka 44, kazi ya kukaa ofisini Mtumba, Dodoma, sukari ya kufunga (inayopimwa kabla ya kula) 6.4 mmol/L, presha 138/88, trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) 2.3, HDL (kolesteroli nzuri) 0.9, kiuno sentimita 106. Ameambiwa hana kisukari. Kaacha sukari kwenye chai, kahamia ugali wa uwele, na sasa anauliza kama inatosha, na moyo umeingiaje hapo.

Haitoshi, mkuu. Tuanze na moyo.

Insulini ndiyo inayoipa misuli ruhusa ya kupokea sukari kutoka kwenye damu. Misuli na ini vikishakuwa sugu kwa insulini, kongosho linamwaga insulini nyingi zaidi ili kazi ifanyike. Linaweza kumudu hivyo kwa miaka, na muda wote huo glukomita (mashine ya kupimia sukari) inakupa namba za kupendeza. Lakini insulini ikiwa juu inafanya figo zibakize chumvi, presha inapanda. Ini lililojaa mafuta linatengeneza trigliseridi na kuzimwaga kwenye damu, HDL inashuka, na chembe za LDL (kolesteroli mbaya) zinakuwa ndogondogo na nyingi. Kwa hiyo mishipa ya moyo inaanza kuumia kabla sukari haijafika 7.0, ambacho ndicho kiwango cha kisukari. Hali hii inaitwa metabolic syndrome, yaani mkusanyiko wa hatari za moyo na kisukari. Hesabu mwenyewe vigezo vyake vitano: kiuno 94 kwenda juu (wanawake 80), trigliseridi 1.7 kwenda juu, HDL chini ya 1.0 (wanawake 1.3), presha kuanzia 130/85, sukari ya kufunga kuanzia 5.6. Vitatu tu vinatosha kumwita mtu mgonjwa wa hali hii. Wewe unavyo vyote.

Angalizo kwa wasomaji wengine: sisi watu wa asili ya Kiafrika mara nyingi trigliseridi zinabaki kawaida hata usugu ukiwepo. Kiuno kikiwa kikubwa, usijifariji na karatasi ya maabara.

Sasa ugali. Gramu 100 za unga zina wanga wa gramu 70 hadi 80, uwe sembe, dona, mtama au uwele. Dona na uwele vina nyuzinyuzi zaidi, na hilo ni jambo jema, ila wanga ni karibu uleule. Bonge linalotokana na unga wa gramu 200, ambalo kwa mwanaume wa huku ni la kawaida kabisa, ni karibu gramu 150 za wanga. Vijiko viwili vya sukari ulivyoacha kwenye chai ni gramu 8 hadi 10. Ukiongeza tonge mbili tatu kwa sababu "uwele hauna sukari", umerudisha kila ulichookoa asubuhi, na zaidi.

Weka bonge la ukubwa wa ngumi yako, basi. Nusu ya sahani iwe mboga: mlenda, mchicha, majani ya kunde. Robo iliyobaki iwe maharage, choroko, dagaa, samaki au kuku. Anza na bakuli dogo la maharage au mboga kabla ya kugusa ugali. Mpangilio huo peke yake unapunguza mruko wa sukari baada ya kula. Najua wengi wataona ni ajabu kula mboga bila tonge. Jaribu wiki moja.

Mlenda una faida ya kweli, ute wake unachelewesha chakula kutoka tumboni. Tatizo ni magadi. Magadi ni sodiamu, na ukiongeza chumvi juu yake unalisha presha ileile unayoihangaikia. Mwambie anayepika apunguze magadi hadi chembe, au ayaache, na ladha ailete kwa karanga za kutwanga na nyanya.

Mafuta ya alizeti ni chaguo zuri kwa moyo kuliko mafuta ya mgando, lakini kijiko kimoja cha chakula kina karibu kalori 120, kwa hiyo pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu. Zabibu za msimu kula kiganja kimoja zikiwa nzima. Juisi yake ni sukari tupu. Ubuyu wa rangi ni peremende, msidanganyane.

Mazoezi ndiyo sehemu watu wanaidharau zaidi. Msuli unaofanya kazi unavuta sukari kupitia njia isiyosubiri insulini. Ndiyo maana kutembea dakika 10 hadi 15 ndani ya nusu saa baada ya kula kunasaidia sana, na mchana jua la Dodoma likiwaka panda ngazi au zunguka korido za ofisi. Matembezi marefu yawe kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Lenga dakika 150 kwa wiki, mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Unafuu wa mwili kuitikia insulini baada ya zoezi unadumu siku moja hadi mbili, hivyo usipitishe siku mbili mfululizo umekaa. Mara mbili kwa wiki ongeza nguvu: kukaa na kusimama kwenye kiti mara 12, raundi tatu, kujisukuma ukutani, kutembea na ndoo ya lita 10 kila mkono.

Wengi wanakwama kwa kuanza na kilomita 10 Jumamosi. Goti linavimba, Jumatatu wameacha. Au wanamaliza matembezi wanajipongeza kwa soda: chupa ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, inarudisha karibu yote uliyochoma kwa nusu saa.

Uzito hukutaja. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002 ulilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito pamoja na dakika 150 za mazoezi kwa wiki. Idadi ya waliogeuka wagonjwa wa kisukari ilipungua kwa asilimia 58, wakati dawa ya metformini iliipunguza kwa 31. Kwa mtu wa kilo 95, hiyo asilimia 7 ya uzito ni kilo 6 hadi 7.

Pima HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari kwa miezi kama mitatu) baada ya miezi 3, si wiki mbili. Ukiwa na selimundu au upungufu wa damu waambie maabara, maana kipimo hicho kinaweza kudanganya. Sukari ya kufunga ni saa 8 bila chochote ila maji. Chai ya rangi yenye sukari "kidogo tu" inaharibu kipimo. Wanaotumia insulini au vidonge vya kisukari vya glibenklamaidi au gliklazaidi wazungumze na daktari kabla ya kuongeza mazoezi, sukari ikishuka chini ya 4.0 ni hatari. Kifua kikibana ukitembea, simama na uende hospitali siku hiyohiyo.

Halafu mkuu, LDL hukuiweka. Itafute kwenye karatasi uiandike hapa, kwa sababu chakula na miguu vinashusha trigliseridi vizuri, ila LDL ikiwa juu na presha hiyo, swali la statini (dawa za kushusha kolesteroli) ni la kumpelekea daktari wako.