Mwimbaji Akitaka Kuondoka, Mlipe Chake Aende

Juzi kijana mmoja wa Mwanza mwenye bendi ya roki kaniandikia: "Kaka, mwimbaji wetu anataka kutoka, na sisi ni marafiki tangu shule ya msingi. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, ngoja kwanza nikupeleke Ufilipino.

Nilipokuwa nafanya kazi hotelini Dubai, nilikaa chumba kimoja na Wafilipino. Alhamisi usiku karaoke inawashwa, na hakuna anayelala kabla ya "Ang Huling El Bimbo" ya Eraserheads, bendi ya roki ya kwao. Wimbo wa zaidi ya dakika saba! Kulikuwa na mpishi mmoja, mchana kutwa humsikii sauti. Ukifika ule mwisho unaorudiwarudiwa, anaimba kafumba macho, sahani ya wali mapajani, kijiko bado mkononi. Nikasema hawa Eraserheads lazima niwajue.

Walianza 1989 chuo kikuu, University of the Philippines, pale Diliman: Ely Buendia mwimbaji, Marcus Adoro gitaa, Buddy Zabala besi, Raymund Marasigan ngoma. Wakaambiwa muziki wao haujawa pop ya kutosha, nao wakajibu kwa kanda ya demo waliyoipa jina Pop-U! Kiburi hicho nakipenda. Mimi nami mtayarishaji mmoja hapa mjini aliniambia roki ni kelele za Wazungu, na sijamsahau. Albamu ya kwanza ya Eraserheads ikatoka 1993, albamu ya Cutterpillow 1995, na 1997 video ya wimbo ule wa mpishi ikawapa tuzo ya MTV kule New York.

Machi 2002 Buendia akaondoka. Miaka mingi baadaye akasema hadharani kwamba hawakuwahi kuwa marafiki. Mashabiki waliumia, mimi nikacheka peke yangu. Watu wasio marafiki wamepiga pamoja zaidi ya miaka kumi! Sisi tuliokula sinia moja, tukasimamiana harusi, bendi yetu ilikufa kwa malipo ya shoo moja ya Bagamoyo. Mpiga gitaa aliondoka na bahasha, halafu nikasikia redioni wimbo nilioutunga mimi, jina lake. Mpaka leo ukipigwa kwenye daladala nashuka.

Kwa hiyo andikeni. Nani katunga nini, nani anapata ngapi. Kasajilini nyimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Pesa ya shoo igawanywe usiku uleule, kabla vyombo havijapakiwa. Usiniambie "sisi ni ndugu". Ndugu ndio hawaandikiani, na ndio wanaofikishana mahakamani. Andikeni!

Na msitukanane mitandaoni. Agosti 2008 Eraserheads walirudi jukwaani Manila. Buendia alikuwa amefiwa na mama yake siku chache tu nyuma, na shoo ikakatika katikati, akakimbizwa hospitali. Machi 2009 walirudi kumalizia, na Desemba 2022 wakapiga tena. Unadhani ingewezekana kama kila mmoja angemwaga ya moyoni 2002?

Huyo wako mlipeni chake, muagane vizuri, Jumamosi mazoezi kama kawaida. Na kabla hujatangaza nafasi, mpe maikrofoni mpiga ngoma wenu. Marasigan alikuwa nyuma ya ngoma miaka yote ile, halafu akaja kuwa mwimbaji wa bendi nyingine, Sandwich.