Shingo ya mwanangu ndiyo iliyonifundisha kusoma kichupa

Juzi dada mmoja wa Makorora, hapa Tanga, kaniandikia: mtoto ana wiki tatu, ampake losheni gani anukie vizuri wageni wakija? Nikacheka, halafu kicheko kikanikauka. Mimi nami niliuliza hivyo hivyo kwa mtoto wangu wa kwanza.

Nilikuwa ndani ya arobaini, Ngamiani, joto la Februari. Kwetu mtoto lazima anukie. Nepi zilishafukizwa udi, mimi nikaongeza ya dukani: losheni ya waridi, poda shingoni, mafuta juu yake. Siku ya tano mikunjo ya shingo imeiva kwa harara, na poda imegandana na jasho humo ndani kama unga uliochacha. Ukimgusa tu, analia. Wifi yangu akasema mbele za watu kwamba sijui kuogesha mtoto. Nimemsamehe. Sijasahau, na najua anasoma hapa.

Jirani akaniletea krimu ya kuchanganya, kikopo hakina hata jina. Siku mbili ngozi laini, nikatamba mtaa mzima. Nilipoacha kupaka, vipele vikarudi kwa hasira mpaka kifuani, na ngozi imekuwa nyembamba, mishipa unaiona. Nesi wa kliniki akakigeuzageuza kile kikopo. "Mama, hii imeandikwa nini?" Haikuandikwa kitu. Akanieleza kuwa krimu kama hizo mara nyingi hutiwa steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe na mwasho, kama betamethasone au clobetasol. Hutuliza upesi, lakini ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, na ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo dawa humwingia mwilini kuliko sisi. Niliona aibu, mwenzenu.

Basi, dada wa Makorora, geuza kichupa usome nyuma. Ukikuta "parfum" au "fragrance", rudisha. Neno moja hilo huficha kemikali nyingi. Ukikuta methylisothiazolinone, kemikali ya kuzuia losheni isioze, rudisha pia: Ulaya waliikataza mwaka 2017 kwenye losheni zisizosuuzwa, kwa mzio. Poda sahau, vumbi lake huingia mapafuni; hata Johnson & Johnson wameacha poda ya talki dunia nzima tangu 2023, baada ya kesi chungu nzima. Zile za kuchua kifua zenye kafuri si za mtoto chini ya miaka miwili. Na kikopo kisicho na jina usikipokee, hata akikupa mama mzazi. Vipodozi vinasimamiwa na TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019. Cha kuchanganya uchochoroni nani kakipima?

Akina mama wenzangu, tunawapaka watoto kwa ajili ya pua za wageni. Mgeni atanusa dakika tano aende zake, anayekesha ni wewe.

Wa pili nimemlea kwa maji matupu na mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Wifi alipokuja kumwona alimnusa utosini, akaguna. Nikamtilia chai.