Baba aliyekufa mara mbili

Jumanne nilipita nyuma ya stajieri mmoja wetu, wakili anayejifunza kazi, hapa Bukavu tunapowasaidia wakimbizi kuomba hifadhi. Mbele yake amekaa mama wa Kirundi, anajifuta machozi kwa kitenge. Mama akasema "ndugu yangu", kijana akachapa "frère", kaka kwa Kifaransa, bila kuuliza ndugu wa namna gani, bila kuinua kichwa. Nikaifunga kompyuta yake. Mnisamehe ukali, wadogo zangu, lakini mnanichosha.

1. Msimkatize mtu. Ukishauliza, nyamaza.

2. Maneno ya ukoo. Hapa nitakaa. Nikiwa mwaka wa pili wa staji nilipewa dosie ya mama aliyeniambia baba yake aliuawa 1993, baada ya Rais Ndadaye wa Burundi kuuawa. Halafu akaniambia baba yake alichukuliwa usiku mwaka 2015, wakati wa vurugu za muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza. Na mimi, mtoto wa Kadutu hapa Bukavu, mwenye baba wadogo wanne ambao wote nawaita baba, sikuuliza kitu! Nikaandika "père", baba mzazi kwa Kifaransa, na chini tena "père". Nilimsomea kwa Kiswahili: baba, baba. Akaitikia. Kwa nini asiitikie?

Siku ya mahojiano afisa wa hifadhi akamuuliza yupi alikufa lini. Hakuwa mkatili, alisoma nilichoandika. Mama akachanganyikiwa, akalia, na ombi likakataliwa: maelezo yanapingana. Nilipomweleza sababu alinitazama kwa muda, akasema, "Maître (ndivyo wanavyotuita mawakili), kwenu baba mdogo si baba?"

Sikulala. Tulikata rufaa. Nilichora ukoo wake kwa mkono, nikaambatanisha barua ya kukiri kwamba kosa lilikuwa la kalamu yangu. Ilikubaliwa baada ya miezi kumi na minne. Miezi yote hiyo aliuza karanga Nyawera, akihamisha beseni kila alipoona polisi. Kwa hiyo mnaponisikia nauliza "baba aliyekuzaa, au ndugu yake?" mpaka mteja anakasirika, msicheke.

3. Orijinali ya mteja hailali kwako. Fotokopi, rudisha hapo hapo.

4. Usipige simu alikotoka "kuhakikisha". Nilimkuta stajieri mmoja, mwandiko safi, adabu tele, anatafuta namba ya komini ya mteja kule Burundi. Alibaki kidogo tu amtangaze kwa watu wale wale anaowakimbia.

5. Mkataba wa wakimbizi wa Geneva 1951 mnauimba kama kwaya. Mkataba wa wakimbizi wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa 1969 mnausahau, na ndio unaomlinda aliyekimbia vita na vurugu hata kama hakuna aliyemlenga yeye binafsi.

6. Tarehe aliyopokea barua ya kukataliwa iandikwe juu ya dosie, kwa bic nyekundu.

7. Bure ni bure, hata Fanta usipokee. Yule mama alipopata karatasi zake aliniletea jogoo. Nikakataa. Akauliza kama nakataa kwa sheria au kwa aibu. Basi jogoo tulimla kwake, pamoja na jamaa zake, na kila aliyetambulishwa kwangu kama ndugu nilimuuliza: wa tumbo moja?