Unaanza kazi kwenye kituo cha sanaa Arusha au Moshi? Usiguse kitu kabla hujajua kipo pale kwa nini

Wiki ya kwanza usipake rangi, usihamishe, usitupe. Vijana wengi wanaofika kwenye vituo vya sanaa vya mjini, wawe wa field kutoka chuoni au waajiriwa wapya, huanza na usafi mkubwa ili waonekane wamefika. Stoo inamwagwa nje, lori linaitwa, na jioni kila mtu anapongezwa. Mwezi unaofuata kikundi kinakuja kuulizia ngoma zake, na mzee mmoja anaulizia ubao uliokuwa nyuma ya jukwaa.

Badala ya fagio, shika daftari. Kaa karibu na mlango kwa wiki mbili na uandike nani ameingia, saa ngapi, amekwenda kona ipi, ametumia nini, ametoka saa ngapi. Utakuta kwamba ukumbi ambao kwenye ripoti za wafadhili ni wa "maonyesho" una kazi nyingine kabisa. Asubuhi kuna wachoraji wanaokimbia jua la barazani. Saa kumi jioni wanaingia watoto wa sarakasi, saa kumi na mbili kwaya, na Jumamosi kuna sendofu. Maonyesho yenyewe ni mara chache kwa mwezi. Kituo kinaishi kwa mazoezi, na ukarabati wowote unaoharibu ratiba ya mazoezi unaua kituo hata kama paa linang'aa.

Hapo ndipo miradi mingi inapokwama. Fedha zikipatikana, jengo linafungwa lote "kwa miezi mitatu". Miezi mitatu inakuwa minane, kwaya inahamia kanisani, watoto wa sarakasi wanapata uwanja wa shule, na siku ya uzinduzi mgeni rasmi anakata utepe mbele ya ukumbi usio na wenyewe. Kikundi kikishahama, kukirudisha ni kazi kuliko kuezeka. Kwa hiyo gawa kazi: nusu ya jengo ikarabatiwe, nusu itumike, hata kama fundi atalalamika kwamba gharama inapanda. Itapanda kweli, kwa sababu jukwaa la kupandia linafungwa mara mbili. Lipa.

Ratiba ya ujenzi ifuate mvua. Masika ni Machi hadi Mei, vuli huanza Oktoba au Novemba hadi Desemba. Paa lifanywe Juni hadi Septemba, kazi ndogo ndogo Januari na Februari. Anza juu ushuke: paa, mifereji ya maji, kuta, umeme, sakafu, na rangi mwisho kabisa. Anayeanza na rangi anapaka mara mbili.

Sasa kuta, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Majengo ya zamani ya mawe mjini Arusha na Moshi mara nyingi yalijengwa kwa chokaa. Chokaa hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hutoka kupitia kwenye plasta na kukauka. Fundi wa leo akiona plasta imechubuka anapiga saruji, kwa sababu ndiyo anayoijua na inakauka haraka. Saruji inafunga ukuta. Maji yanakosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi, na baada ya masika moja au mbili utaona unga mweupe wa chumvi, kisha plasta inatoka vipande vizima, wakati mwingine pamoja na uso wa jiwe.

Kabla ya kugusa ukuta wa namna hiyo, tafuta maji yanatoka wapi. Mara nyingi sababu ni mbili: mfereji wa bati uliotoboka, au kifusi na murramu zilizojazwa nje mwaka hadi mwaka hadi usawa wa ardhi ukapita sakafu ya ndani. Chimba nje ushushe udongo, elekeza maji mbali na msingi, kisha uache ukuta ukauke. Ndipo utoe saruji, ukianzia kwenye dalili na kupita kidogo juu yake. Plasta mpya ni sehemu moja ya chokaa iliyolowekwa kwa sehemu tatu za mchanga safi usio na udongo. Kila tabaka lisizidi milimita 10 hivi, na la pili lisubiri la kwanza ligande. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku kadhaa. Chokaa ikikaushwa na jua la mchana inapasuka nyufa kama utando wa buibui. Juu yake paka chokaa, si rangi ya mafuta, la sivyo umerudi ulikotoka. Na mafundi wavae miwani, chokaa mbichi inaunguza macho.

Paa nalo lina mtego wake. Mabati kwenye mvua yanazima sauti ya mwigizaji hata akiwa na maikrofoni, kwa hiyo kila kituo kinatamani dari. Piga hesabu kwanza. Bodi ya jipsamu ya milimita 12 ina uzito wa kilo 8 hadi 10 kwa mita ya mraba. Ukumbi wa mita 10 kwa 20 utaning'iniza karibu tani 2 kwa tabaka moja tu. Panda juu na bisibisi, uchome ncha za mbao pale zinapoingia ukutani, maana hapo ndipo mchwa na unyevu vinapoanzia. Bisibisi ikizama bila nguvu, sahau dari hadi kenchi zibadilishwe. Kwa msimu huo tumia akili ya ratiba: Aprili panga ngoma na muziki wa vyombo, michezo ya maneno isubiri Juni. Kama juu kuna karatasi za kijivu zenye mawimbi, nzito na ngumu, usizitoboe, usizikate, usifagie vumbi lake mpaka mtaalamu athibitishe kwamba si asbesto. Vumbi la asbesto linaharibu mapafu polepole, na madhara yake huonekana baada ya miaka mingi.

Mwangwi ni tatizo la pili. Simama katikati, piga kofi moja. Ukisikia mlio unaorudi mfululizo, kuta mbili ngumu zinatazamana. Trei za mayai hazisaidii kitu cha maana na zinashika moto upesi, godoro la sponji ni baya zaidi. Kinachofanya kazi ni pazia zito lenye upana mara mbili ya ukuta unaofunikwa, likikunjika, likining'inia sentimita 10 au zaidi kutoka ukutani. Vitenge ni vyepesi mno, vinapendeza tu.

Umeme usiuchukulie kirahisi. Taa moja ya kizamani ya jukwaani ya wati 1,000 inakula ampea 4.3 hivi kwenye volti 230. Ukiwasha 12 umefika ampea 52, na hujaweka spika wala jiko la mama lishe. Taa za LED za wati 150 zikiwa 12 ni ampea 8 hivi, na unaokoa luku pia. Kwenye umeme wa fezi tatu, ogopa kitu kimoja kuliko vyote: nyutro (waya unaorudisha umeme) iliyolegea. Ikikatika, volti kwenye baadhi ya soketi zinaweza kupanda kuelekea 400, na ndani ya dakika moja mikisa, kompyuta na friji vyote vimekwenda. Fundi wa jengo akague na kukaza viunganishi vya bodi kuu, umeme ukiwa umezimwa, kabla ya tamasha, si baada. Spika zikitoa muungurumo, usimruhusu mtu akate pini ya ethi (ile ya usalama inayokwenda ardhini) kwenye plagi. Peleka mikisa na vikuza sauti kwenye soketi za chanzo kimoja, uone muungurumo unavyopungua.

Mlango wa nyuma: kwenye kumbi nyingi unafungwa kwa kufuli siku ya onyesho ili watu wasiingie bure. Weka mtu pale, si kufuli. Zimamoto watakuuliza hilo kwanza, na wana haki. Vibali vingine havina hadithi ndefu: mtendaji wa mtaa ajue, polisi wajue kama ni mkusanyiko mkubwa, wasanii wawe wamesajiliwa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa, lililoanzishwa kwa Sheria Na. 23 ya 1984), na muziki wa watu wengine unaopigwa hadharani una haki zake chini ya Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya 1999. Nakala zikae kwenye faili moja ofisini. Zilizo kwenye simu ya mtu mmoja hazihesabiki.

Vitu vya sanaa vyenyewe. Ngozi ya ngoma hulegea wakati wa masika na hukaza kupita kiasi kwenye ukame wa Januari, hasa Moshi kwenye joto. Usizipange moja juu ya nyingine, wala usiziache chini ya taa za jukwaa. Ngozi iliyokauka upande mmoja inapasukia kwenye ukingo. Kinyago cha mpingo kilichochongwa kikiwa kibichi kitapasuka ukikiweka dirishani kwenye jua, na bungua huanzia kwenye ile sehemu ya nje iliyo nyeupe-njano, si kwenye moyo mweusi. Kama rangi nyeusi inabaki kwenye kitambaa ukikisugua, hiyo ni rangi ya viatu. Michoro ya mtindo wa Tingatinga hupakwa rangi ya mafuta inayong'aa, inayokauka kwa juu upesi na kwa ndani polepole. Ukiilaza uso kwa uso stooni, utaitenganisha kwa kuipoteza.

Halafu kuna jengo lenyewe na yaliyojificha ndani yake. Karibu kila ukumbi wa zamani Arusha utaambiwa kwamba Mwalimu Nyerere alihutubia hapo, na kila nyumba ya mawe ni ya Mjerumani. Yaandike, lakini kama madai. Ukumbi wenye ushahidi unajulikana: Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 26 hadi 29, 1967 kwenye ukumbi wa jamii wa Arusha, Azimio likatangazwa Februari 5, na tangu 1977 jengo hilo ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Ukumbi wa kawaida wa mtaa, kazi yake ikabadilika ndani ya miaka kumi. Jengo lako nalo huenda limebadilishwa kazi mara tatu bila mtu kuandika.

Tarehe chache zitakusaidia kupima madai. Waingereza waliingia Moshi na Arusha Machi 1916, hivyo jengo la "Mjerumani" la mwaka 1925 lina maswali. Reli ilifika Moshi 1911, lakini Arusha ikafika 1929. Ukikuta boriti nzito za chuma kwenye jengo la Arusha, uwezekano mkubwa ni kwamba ziliwekwa baada ya treni kuanza kufika. KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, iliundwa 1933. Ghala la Moshi linalodaiwa kuwa la chama hicho tangu enzi za Mjerumani limechanganya mambo mawili.

Kisha soma alama. Sakafu inayoshuka kuelekea jukwaani, matundu ya bolti yaliyopangwa safu kwa safu, na vidirisha viwili vidogo juu kwenye ukuta wa nyuma: hiyo ilikuwa sinema. Mlango mpana na sakafu iliyoinuliwa hadi usawa wa bodi ya lori: ghala. Geuza kigae cha paa usome mhuri chini. Vingi vilitoka Mangalore, India, ambako wamisionari wa Basel Mission walifungua kiwanda cha vigae 1865. Mhuri unakupa kiwanda, haukupi mwaka wa jengo, kwa sababu vigae vilihamishwa kutoka paa hadi paa. Piga picha kila alama ukiweka rula pembeni. Kabla ya kukwangua rangi ukuta mzima, fungua kidirisha cha sentimita 5 kwa 5 mahali pasipoguswa na watu, ukwangue tabaka moja moja kwa wembe, uache kila rangi ionekane kama ngazi. Kidirisha hicho kisipakwe tena.

Wazee wahojiwe kabla ya ukarabati, si baada, kwa sababu mlango ukishazibwa kumbukumbu yake inazibwa nao. Usiende na kinasa sauti siku ya kwanza. Nenda na mtu wanayemfahamu, amkia, sema wazi kwamba hukuja kwa habari ya kiwanja. Mjini, kijana anayeuliza nyumba ya zamani ilikuwa ya nani huonekana dalali. Swali la "historia ya jengo hili ni ipi?" litakuletea hotuba. Uliza: "Mama, mlikuwa mnaingilia mlango upi?" "Kiingilio mlimlipa nani, alikuwa anakaa wapi?" "Mliokatazwa kuingia ni nani?" Beba picha ya zamani au hata funguo yenye kutu, umpe mkononi, unyamaze.

Rekodi kwa faili la WAV, biti 24, kilohezi 48. Saa moja ya njia moja ya sauti (mono) ni karibu MB 500, kwa hiyo hakikisha nafasi ipo. Zima mtandao wa simu. Mwishoni nyamazeni nusu dakika mrekodi chumba kitupu, mhariri atakushukuru. Uliza kama jina litumike au lifichwe, na jibu liandikwe siku hiyo hiyo. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, tarehe, kisha mahali, ili mafaili yajipange yenyewe. Nakala mbili, kwenye majengo mawili tofauti, na ya tatu apewe mzee au mwanawe kwenye flashi, kabla hujaipeleka kwa mtu mwingine yeyote.